Nikeli Mbili

Uforo, zima grenda. Njoo usome hiki kijiti.
Usinitazame mimi, tazama maandishi ubavuni:
sabini, moja, nane.
Sabini ni nguvu zake akivutwa. Ile moja inasema
nitashika popote, hata unipeleke juu ya kichwa chako.
Nane ni tabia,
na tabia ya huyu ni kuogopa maji.

Ndiyo maana halali hapa karakana.
Masika ikiingia Pasua namhamishia kwa Mama Ndeshi,
kwenye oveni, mikate ya mwisho ikishatoka,
na asubuhi ananirudia ananukia hamira.
Kuna mteja alicheka. Trela lake
lilichomelewa kwingine, kwa vijiti vilivyonyeshewa.
Lilikatika pale Kiboriloni, magunia arobaini ya mahindi barabarani,
na mshono ukiuchungulia ndani
una matundu kama andazi.

Kwa mageti, haya, chukua sitini, moja, tatu.
Huyo hana kinyongo. Anawaka hata kwa transfoma ya baba,
ile ya mafuta, inayoguna tangu sijazaliwa.
Vumbi haiijui. Ila saa moja jioni,
mtaa mzima ukiwasha taa,
umeme unashuka, kijiti kinanata kwenye chuma
na wewe unakivuta huku wapita njia wanatazama.
Inveta nimeikopa kwa kikundi, bado marejesho saba.
Inaning'inia begani kama kibeti, mkondo wake mnyoofu,
lakini ukisaga chuma karibu yake unga unaiingia tumboni,
na siku hiyo
marejesho utayamalizia wewe.

Leo sasa. Leo kaja Bi Ndetaulwa, kashuka na bodaboda toka Kibosho,
na ubavu wa mashine ya kumenya kahawa
umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ufa umeanzia tundu la boliti, umefika ukingoni.
Na kando ya ufa, ufa mwingine: kuna mtu alishapita hapa
na kijiti cha geti. Unaona?
Mshono wake mzima kabisa. Kilichokufa ni chuma jirani.
Gonga. Hakilii.
Kiguse na grenda, kule mbali: cheche fupi, nyekundu,
zinakata tamaa kabla ya kufika chini.
Chuma cha kumimina.

Hiki kinataka nikeli, na nikeli mjini
inauzwa kijiti kimoja kimoja, kama sigara,
kwa bei ya kilo ya nyama.
Ninazo mbili. Zimo ndani ya soksi, soksi imo ndani ya kopo la maziwa,
alizifunga baba mwenyewe
kwa kazi ambayo hakuitaja.
Miaka tisa. Nimekatalia injini, nimekatalia pampu,
nilikatalia jiko la parokia, Mungu anisamehe.

Bi Ndetaulwa anasema kahawa mbivu zimo guniani tangu jana,
zimeanza kutoa harufu.
Anauliza bei. Namtajia ya geti.

Usinikodolee macho. Lete mkaa.
Tukipashe polepole mpaka tone la maji liruke.
Holda weka kwenye chanya. Ampea themanini, usinizidishie.
Nitachora upana wa vidole viwili, nitasimama.
Wewe gonga mshono ungali na moto, kwa kichwa cha mviringo,
gonga kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake
na hataki majirani wasikie.
Tungoje hadi kiganja kivumilie.
Tena vidole viwili.

Cha kwanza kimeishia nusu ya ufa.
Cha pili kimebaki kipande cha kushikia tu, kirefu kama kidole gumba.

Sasa kizike kwenye majivu ya Mama Ndeshi, makavu, mengi.
Usiku kitalia *ti*, labda mara mbili.
Huenda ni mshono unakaa. Huenda ni ufa umepata njia nyingine.
Usifunue.
Mwambie Bi Ndetaulwa saa mbili asubuhi,
na kopo lirudishe pale juu.
Soksi nipe, nikaifue.