Nakala ya Hukumu

Mimi ndiye niliyeichapa, kurasa sita,
kwenye kompyuta ambayo kitufe chake cha N kinakwama.
Mara mbili ndoa ilitoka "doa", nikarudia.

Mahakama ya Mwanzo, Newala.
Delfina Nankoma dhidi ya Rainaldi Chipunda.
Hakimu alisoma kama mtu anayepima mchele,
hakupunja upande wowote:
ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika;
mikorosho themanini igawanywe, arobaini kwa arobaini;
mtoto Tekla, miaka sita, akae na mama yake;
baba atoe matunzo kila tarehe tano.
Majirani wakapiga kigelegele.
Askari aliwanyamazisha huku naye anacheka.
Delfina hakupiga.

Alinifuata dirishani saa nane, wenzangu wamekwenda kula,
akakunjua kibali chake cha kukaa,
kimekunjwa mara nne, kinanuka mabibo.
Kidole kikashuka mpaka mstari wa sababu:
Mke wa raia.

"Dada karani," akasema, kwa Kimakonde
kile kile cha bibi yangu, hakuna mto ndani yake,
"leo mmenipa kila kitu.
Sasa niambie naenda kukilia wapi."

Nilipekua. Hukumu haisemi popote
mama akae wapi ili mtoto akae naye.
Tekla alizaliwa hapa, hospitali ya wilaya, ana cheti.
Mikorosho ina mizizi, haiulizwi.
Ni yeye tu, miaka tisa ya kupalilia na kuchimba ming'oko,
aliyekuwa ameshikwa na uzi mmoja,
na ncha ya uzi i mkononi mwa mwanamume
aliyemvunja mkono mwaka juzi.
Leo tumeukata. Tumeukata kwa haki.

Ukisimama Shimo la Mungu asubuhi isiyo na ukungu
unaliona bonde lote, na Ruvuma, na kwao.
Kwa macho ni karibu.
Kijiji chao kilichomwa;
jina lake limebaki kinywani mwake tu.

Hakuomba nimfiche. Hakutaja rufaa.
Aliomba tarehe.
"Usigonge muhuri mpaka korosho zianguke,
nizifikishe ghalani, nilipwe,
niende Uhamiaji na ada yangu mkononi,
niombe kibali chenye jina langu, si la mtu."

Nina watoto watatu na kiapo kimoja.
Nilifungua droo. Kidau cha wino kimejaa,
zambarau, kinang'aa kama jicho la ng'ombe.

"Wino umekauka," nikamwambia. "Njoo Jumatatu."

Akaitikia kwa kichwa, akakunja karatasi mara nne.
Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua.
Nimehesabu kwenye kalenda ya chama cha msingi,
nikahesabu tena,
na sijui wino waweza kukauka
Jumatatu ngapi.