Ipi Afadhali

Juu ya meza ya jikoni, Bodø, mwezi wa tatu,
theluji ikiporomoka paani mapande mapande,
nimelaza kuba mbili kifudifudi kwenye taulo.
Ya kioo, nzito kama deni, ya Eldbjørg,
aliyeacha kuzamia baada ya kuvunjika nyonga.
Ya akriliki, ndogo, yenye mkwaruzo mmoja
wa mwamba ambao haukuomba radhi.

Baba anaingia na soksi zake za sufu.
Halvard, fundi miwani miaka arobaini na mmoja,
amepima macho ya nusu ya mji huu
wala hajawahi kulowesha magoti baharini.
"Ipi afadhali?" anauliza, kama yuko kazini.
"Hii... au hii?"

Kubwa, namwambia, inanipa picha ya tabaka mbili,
mlima juu, mwani chini,
uso wa maji umepita kati kama mstari wa daftari.
Lakini imejaa hewa, inataka kuelea,
saa nzima inanivuta viganja kwenda juu
kama mtoto anayelilia kubebwa.
Ndogo hupenya ufani, hufika puani mwa samaki,
ila pembeni kila kitu huyeyuka
mpaka nibane tundu la lenzi hadi kumi na moja,
na huko chini mwezi huu
mwanga wenyewe ni wa kuomba.

Anasikiliza. Anavuta bahasha ya bili ya umeme,
anachora duara, miale, anafuta, anachora.
"Kamera yako haimwoni samaki."
Haimwoni?
"Maji na kuba wamekula njama.
Samaki, na bahari yote iliyo mgongoni kwake,
wanamkunja, wanamtundika hapa,"
anapima hewani mbele ya kioo, shubiri na ushei,
"taswira tu, haishikiki, imepinda kama ganda la yai.
Kamera inatazama hiyo.
Kwa kuba ndogo ni karibu zaidi, shubiri haitimii.
Na lenzi yako ina macho kama yangu:
ya mbali inayaona, ya karibu inabahatisha."

Sasa?

"Sasa ivalishe miwani."

Diopta mbili kwa kubwa, nne kwa ndogo,
ameandika kwa mwandiko uleule wa vyeti vya wateja,
kisha akaongeza, akapigia mstari:
*pima vizuri pete ya katikati;
jicho lisipokaa kwenye kitovu cha kuba
miwani haitakufaa kitu.*

Maji ya Saltstraumen hukimbia kama yameiba,
hutulia dakika chache, hugeuka,
hukimbilia yalikotoka.
Katika utulivu huo tulishuka, mimi na Ingvald,
kuba ndogo, diopta nne,
vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu.
Samaki-mbwamwitu alitoa kichwa pangoni,
uso wa mtu aliyeamshwa bure,
vipande vya kome bado mdomoni.
Nilipiga tisa
kabla mkondo haujatukumbuka.

Jumapili nikamletea baba moja, imechapwa.
Makunyanzi ya samaki yanahesabika.
Pembeni kushoto mwani umelegea,
na Ingvald ni doa la rangi ya chungwa
lisilo na mikono.

Baba anaishika, anaisogeza mbali,
mbali zaidi,
mpaka mkono unakwisha.
"Kazi nzuri," anasema,
"ila huu mkono umefupika."
Miwani yake iko kichwani. Simwambii.
Naokota mezani ile diopta mbili,
duara baridi isiyo na fremu,
namwekea mbele ya jicho la kulia, naiondoa.

"Hii," nauliza, "au hii?"

Anakawia. Theluji inaporomoka tena paani.
"Rudisha," anasema, "ile ya kwanza."