Upana wa Ukumbi

Somo la nne linasema: pima nyumba unayoijua.
Ninayoijua mimi ni moja,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
vyumba sita, vitatu kwa vitatu,
vinatazamana mlango kwa mlango kama wake wenza.

Sina futi ya chuma. Nina hii ya cherehani,
ya kitambaa, ya njano, imefutika kuanzia sitini hadi sabini;
mteja mwenye kiuno cha hapo
namkadiria kwa jicho.

Ada nalipa kwa mafungu:
sare mbili na shela moja ni somo moja.
Hakuna kengele, hakuna tarehe ya mwisho.
Mwendo ni wako, wameandika,
na mwendo wangu ndio huu: saa nne usiku,
cherehani imefunikwa kanga,
simu imeegemea kopo la vifungo.
Juzi mtandao ulikatika katikati ya neno "msingi",
nikabaki gizani na "msi".

Nilianzia chumbani kwa Mhina,
mpangaji wetu tangu sijaota meno ya ukubwa.
Akanishikia ncha ya futi, akauliza
kama kodi itapanda kwa sentimita.
Bi Mwantumu alinikatalia uvunguni:
mambo ya ramani huanza hivihivi, alisema,
mtu na karatasi, salamu nzuri,
mwakani alama nyekundu ukutani.
Nikamwonyesha daftari. Akaniruhusu hadi kabatini.

Usiku nikajumlisha. Nyumba haikufunga.
Ukuta wa kushoto na wa kulia
umepishana shubiri nzima.
Baba aliijenga kwa kamba ya mkonge,
na kamba ya mkonge hukaza ikilowa, hulegea ikikauka.
Alianza masika, akamaliza kiangazi.

Ila ukumbi.
Ukumbi, toka mlango wa mbele hadi uani,
ni mita moja na nusu na vidole viwili,
pote.
Nilipima mara tatu, ya mwisho kwa magoti.

Nikachora, nikatuma. Siku ya tisa likaja jibu
la mwalimu nisiyemjua sura wala sauti:
"Mistari safi. Korido ni pana mno,
sentimita tisini zinatosha.
Unapoteza eneo. Ungepata bafu hapo."

Nikamsomea mama. Alikuwa anachagua mchele,
hakuinua kichwa.
"Muulize," akasema, "kwao jeneza hupindia wapi."

Kidole kikanisimama juu ya kioo.

Mwaka ule wa baba, chumba cha pili kulia,
wanaume wanne ndani, wanne ukumbini,
walipinda mara moja tu.
Hawakugusa ukuta. Hata chokaa haikudondoka.
Mimi siku zote nilisema ni ustadi wa wabebaji,
nikamsifu Kibwana aliyetangulia mbele.
Kumbe mwenyewe alikwisha kujipimia,
yungali kijana, mikono ina udongo,
mke hajampata.

Sikumwandikia mwalimu habari hiyo. Ningeianzia wapi?
Nimerudisha mchoro ulivyo,
na pembeni nimeongeza maelezo
kwa herufi ndogo, zilizosimama, kama alivyofundisha:
"Ukumbi: m 1.53. Usipunguzwe."
Na baraza, ambayo kwenye ramani ya mji
imeingia barabarani hatua moja,
nimeichora kwa nukta nukta,
mstari wa kitu kisichojulikana kama kitabaki.
Waliokaa juu yake, Mhina na bao lake,
hawana alama. Nimetafuta somo zima.

Sitini na mbili kwa mia. Nimefaulu, nadhani.

Somo la tano ni mitaro.
Hilo haliharakishwi. Nina sare za watoto wa Shekiondo,
kola nne bado, na mvua yenyewe haijaamua.
Ikinyesha nitatoka na mwavuli na daftari la mistari,
nisimame Kumi na Mbili inapokutana na barabara kuu,
nione maji yenyewe yanataka kwenda wapi
kabla sijayachorea njia.