Mahali pa Ngata

Jumatatu saluni imefungwa. Ndiyo siku aliyoichagua mama
kuja kuoshwa kichwa.
Amepanda kwa miguu kutoka Kibirizi, leo bila karai,
na shingo yake, kwa kuzoea, imenyooka vilevile.
"Mwavita, usiwashe redio," akasema. "Na pazia, lishushe."
Nikalishusha.

Miaka minane nashika vichwa vya watu hapa Mwanga.
Navisoma kama karani asomavyo daftari la madeni:
huyu hulala bila kitambaa, mto unamnyoa kidogo kidogo;
yule hukuna mba kwa kalamu ya wino;
yule hubana nywele zikiwa bado na maji, awahi kazini,
zinavundia humo ndani mpaka jioni.
Mke wa mwalimu Ruhwanya hutia dawa juu ya dawa,
hata wiki tatu hazijapita: "Zimekuwa ngumu, zilaze,"
mpaka siku kitana kilipotoka na kigaga.
Wote nawafokea. Nina ulimi.
Wanasema ndiyo maana wanarudi.

Mama akafungua kitambaa.
Mikunjo mitatu. Pini ya kwanza. Ya pili.

Katikati ya utosi, duara.
Laini kama kitako cha kikombe, inang'aa,
upana wake sawasawa na ngata
aliyokuwa akiisokota kwa kipande cha kanga kila alfajiri,
akaiweka, akachuchumaa, akasema, "Nitwike."
Na mimi ndiye niliyekuwa namtwika.
Miaka saba, naunyanyua upande wangu wa karai,
maji ya dagaa yanachuruzika hadi kwenye nyusi zake,
anacheka, anaukabili mlima.

Nani angemwambia apumzishe kichwa?
Angekipumzishia wapi?

Nikatafuta lile neno langu la kila siku, mazoea,
mazoea, dada, ndiyo yanayokula nywele,
likanikwama kama mwiba wa mgebuka.
Ada yangu ilipita pale.
Sare, madaftari, viatu vya Bata vya kidato cha kwanza,
hata hiki kiti kinachozunguka alichokikalia sasa kwa woga,
vyote vilipita juu ya ngozi ile, karai baada ya karai.

Nilipoinama kupima joto la maji
akanigusa kwenye paji, pale nywele zangu zilipokimbilia nyuma.
"Na wewe hapa?"
"Ulikuwa unanisuka, mama.
Ulivuta mpaka nikilala macho hayafumbi."
Akafikiri.
"Nilitaka zikae mwezi. Uzi ulikuwa na bei."

Siku hizi namsuka Hidaya legelege.
Ikifika Alhamisi upande mmoja umefumuka,
mwalimu wa zamu anamwandikia jina,
nami nasuka tena, sina cha kumjibu mwalimu.

Nikamwosha polepole. Povu likawa la kijivu, kisha jeupe.
Nyuma ya masikio nywele zilikuwa nyingi, nyeusi,
zilizokua miaka yote bila mtu kuziona.
Nikapasha mafuta ya mise kwenye kijiko juu ya jiko,
yale aliyoniletea mwenyewe kwenye chupa ya soda,
harufu yake ile nzito, ya nyumbani,
ambayo wateja huniomba niifiche kwa marashi.

"Zitaota?" akauliza, akiwa amefumba macho.

Sijawahi kumdanganya mteja.
"Pembeni, ndiyo. Hapo katikati, hapana."

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.
Huko nje bodaboda ilipiga honi, mtu akaitwa, hakuitika.

"Basi pake tu," akasema.
"Asubuhi panasikia baridi."