Herufi Iliyopinda

Watoto wawili, chumba kimoja cha Kuze,
shuka moja, bilauri moja, kirusi kimoja.
Shee kapiga chafya siku mbili, karudi kwenye gololi.
Mwanatumu yuko Makadara, siku ya tisa,
kifua kikivuta kama mvukuto.

Nimelaumu feni, barafu za ukwaju, hasidi.
Leo daktari kanichorea jeni mgongoni mwa kisanduku cha glavu:
mbiu ya mgambo ndani yake huchelewa kulia,
herufi moja imepinda.
"Hurithiwa," akasema, akitazama kalamu.

Nikakumbuka usiku mmoja wa utotoni,
mama akinisugua karafuu, akihesabu pumzi.

Nimempa pua yangu, jina la mamangu,
na hii.

Shee ameleta gololi ya kijani.
Nimeiweka chini ya mto.