Daftari la Falaji

Miaka kumi na mmoja, hapa Ibra,
daftari la maji lililala kwa wakili, chini ya mto wake.
Zamu ziliuzwa, sijui kwa nani.
Mitende ya Bi Shinuna ikakauka kwa adabu.

Ijumaa hii kasimama. "Soma," kamwambia,
kwa Kiswahili chake cha Wete,
"tusikie nani kanywa."

Wakili kakohoa. Kafungua.
Ukurasa wa kwanza, mchwa.
Wa pili, shemeji yake.

Basi tukaandika kanuni, mistari sita,
tukaibandika mlangoni pa msikiti kwa gundi ya unga:
mgawa maji naye atahesabiwa.

Usiku nikausikia mfereji nyuma ya jiko,
mwembamba bado.
Nikatoa saa,
nikaanza kuhesabu dakika zangu.