Gofu

Kila Ijumaa nashuka na fimbo yangu ya kupimia,
mita mia sita na kumi ndani ya kizimba,
masikio yanaziba, yanazibuka, yanaziba tena,
kisha treni ndogo, kisha miguu,
hadi pale ukuta wa makaa unaponyooka
mita mia mbili, unang'aa kama kaniki iliyolowa.

Ngoma ya chuma inapita, meno yote nje.
Haipigwi ngoma hii, yenyewe ndiyo inayopiga:
kwenda kaskazini, kurudi kusini,
na kila ikipita ukuta unapungua dhiraa moja na nusu.
Makaa yanabubujika kwenye mnyororo,
maji yananyunyiza, vumbi halisikii la maji.

Nyuma yake ngao zinainamisha vichwa,
zinajivuta hatua, zinasimama tena
na mwamba wote wa Askerby mabegani.
Pale zilipotoka
paa linabaki halina wa kulishika.

Mwanzoni niliogopa likianguka.
Horace Lumb, miaka thelathini na mmoja chini,
alinicheka mpaka taa yake ikatikisika.
Likinguruma, mpimaji, endelea kula mkate wako.
Likinyamaza siku tatu, ndipo uanze kusali.
Mwamba unaoning'inia unakusanya deni.

Na lile tundu linaloporomoka nyuma yetu
wanaliita kwa neno, naapa,
linalowatoka kinywani kama letu: gofu.
Siku ya kwanza niligeuka,
nikidhani nimemsikia mtu wa Pangani gizani.
Kwetu gofu ni nyumba iliyokufa ikiwa wima.
Hapa halikujengwa na mtu,
na linaanguka kwa ratiba.

Nimeiona dari kabla haijashuka:
majani ya kangaga yamelala ndani ya tope lililogeuka jiwe,
kingo zake kali kama yamechumwa asubuhi,
na duara moja, pana kama ungo,
lililozungushiwa uzi mwembamba wa makaa.
Kisiki, alisema Lumb, akanivuta kwa mkanda wa kiuno.
Mti uliokufa wima, mizizi tumeila sisi,
limebaki shina, halikushikwa na kitu.
Miaka milioni mia tatu
haujamaliza kuanguka.

Napanga chumba cha juu kwa Bi Winifred Oxspring,
Mtaa wa Kanisa, nambari kumi na nne.
Jumamosi, ofisini, natia wino mwekundu kwenye ramani,
mstari wa wiki, mstari wa wiki,
inaujia mtaa wetu kama mchwa wanavyoijia nguzo.
Ramani ya juu imechapwa juu ya ile ya chini:
naliona jiko lake, banda la kuku,
kaburi la mumewe nyuma ya kanisa.
Jikoni niliandika tarehe kwa penseli.
Nikaifuta.
Nikaiandika tena, ndogo.

Sikumwambia. Nilibandika tu kipande cha kioo
juu ya ufa wa ukutani, nikasema ni mambo ya ofisi.
Kioo kikivunjika, nyumba imetembea.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri: tik.
Nikashuka ngazi kwa soksi.
Alikuwa ameshaamka, koti juu ya gauni la kulalia,
ameweka yai katikati ya meza, analitazama.
Yai lilifikiri kwanza.
Kisha likashika njia, taratibu, kuelekea dirishani,
naye akalidaka ukingoni kama anayelijua.

Wamefika?
Wamefika, nikasema.

Akalikunja gazeti la jana mara nne,
akalisokomeza chini ya mguu wa meza.
Ernest wangu alipita hapa chini mwaka wa hamsini na sita,
tabaka lile la juu yenu.
Wakati ule yai lilikwenda mlangoni.

Akalitia sufuriani. Akanimiminia chai.
Chai ilisimama sawa; kilichoinama ni kikombe.
Nikakipima kwa jicho, mazoea tu:
milimita mbili. Pengine tatu.